Kiti cha Mzee

Riwaya yangu naiandikia hapa Gungu, kwenye kompyuta ya mtumba yenye Linux. Kila jioni kabla umeme haujakatika nahamishia sura kwenye flashi, kwa amri za terminali, lile dirisha jeusi. Nakala nyingine sina.

Vidole vyetu vimezoea Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika. Ufundi wa kukata, kunakili na kubandika waliuasisi kina Larry Tesler na Tim Mott huko Xerox PARC, Marekani, miaka ya 1970. Lakini ndani ya terminali Ctrl na C maana yake "acha!" Ukiibonya sura zikiwa zinahama, basi bwana, zimeishia njiani.

Kwa nini? Kwenye mitambo ya DEC ya miaka ya 1960 Ctrl na C ilikuwa tayari inakatiza kazi. Mzee kashika kiti. Mgeni akaongezewa Shift: Ctrl, Shift na C kunakili, Ctrl, Shift na V kubandika.

Na kabla hujagonga Enter, soma ulichobandika. Sisi waandishi chipukizi tunapenda maneno mapya. Tuulize kwanza nani kakaa pale.