Mulago ya Kale Isiachwe Ianguke

Mgeni afikaye Kampala huonyeshwa kwanza makaburi ya Kasubi, msikiti wa Kibuli na kanisa la Namirembe. Ni nadra aambiwe apande kilima cha Mulago, kwa sababu Mulago ni hospitali, na hospitalini mtu haendi ila kwa dhiki. Hata hivyo, ndugu msomaji, penye dhiki napo pana historia.

Hospitali hiyo ilianza mwaka 1913, na mwanzilishi wake hutajwa kuwa Daktari Albert Cook. Atokaye Wandegeya hulikuta kwanza jengo kubwa la ghorofa sita lililokamilishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda. Hiyo ndiyo Mulago Mpya. Akizidi kupanda hufika Mulago ya Kale, ambako wodi za zamani zilizosalia ni nyumba za chini, zilizojengwa mbalimbali.

Ujenzi wa namna hiyo haukuwa wa kubahatisha. Kabla dawa za kuua vijidudu hazijapatikana kwa wingi, hewa safi na mwanga wa jua vilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba, na nafasi baina ya wodi na wodi ilisaidia kuzuia maradhi yasienee.

Katika kilima hicho Daktari Denis Burkitt alichunguza uvimbe wa taya uliowaua watoto, akauandika mwaka 1958. Nayo Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa huko mwaka 1967. Huko pia kipo kituo cha lishe cha Mwanamugimu, ambacho jina lake latokana na methali ya Waganda isemayo kuwa mtoto mwenye siha huanzia kwenye mbeleko.

Leo wagonjwa ni wengi na nafasi ni haba. Hakuna mwenye busara atakayetaka mgonjwa alale sakafuni ili ukuta mkongwe usalimike. Lakini kubomoa bila kupima, kuchora wala kupiga picha ni kupoteza mara mbili: nyumba yenyewe na maarifa ya walioijenga.

Tuitazame Kasubi. Nyumba yake kuu iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi, 2010. Iliweza kusimama tena kwa kuwa walikuwapo wazee na mafundi waliorithi kazi ya kuezeka, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wodi za Mulago hazina ukoo uliokabidhiwa kuzitunza. Watunzaji wake ni sisi wananchi.

Basi kila wodi ya kale ichorwe na kupigwa picha. Mabati na mifereji ya paa itengenezwe mapema, kwani nyumba huanza kufa kwa kuvuja. Zile zisizofaa tena kulaza wagonjwa zipewe kazi nyepesi: darasa, maktaba, au makumbusho ya tiba. Nyumba yenye kazi hupata mtu wa kuifagia, na anayeifagia ndiye wa kwanza kuuona ufa.