Jina la Guka na Kichwa Chake

Kabla ya kioo kuniambia, makanga aliniambia. Ulikuwa mwaka 2017, nina miaka 24, niko stejini Nakuru nikitafuta matatu ya Njoro. Alinishika bega kwa upole ambao makanga hawana na vijana, akasema, "Mzee, shika kiti cha mbele." Niligeuka kumtafuta huyo mzee. Nyuma yangu alikuwapo mama muuza njugu peke yake.

"Mzee" ni neno la heshima, na ndiyo sababu huna pa kulishtaki. Nilipanda mbele kama nilivyoambiwa, nikainamia kioo cha pembeni. Juu ya paji, kushoto na kulia, ngozi ilikuwa imepanda kichwani kama vidole viwili. Miaka hiyo Ziwa Nakuru lilikuwa likifurika na kumeza barabara za mbuga na nyumba za watu. Ufuo wa kichwa changu ulikuwa umeamua kwenda upande mwingine. Kabla ya kurudi nyumbani nilinunua kofia ya marvin nyeusi, nikaivaa hata mchana wa Februari, jua likiwa utosini.

Mimi huuza dawa za mifugo. Duka letu ni agroveti ndogo, na wateja wangu hutoka Bahati, Subukia, Rongai na Molo. Kila siku nahubiri jambo moja: usinunue dawa kabla hujajua ugonjwa. Mkulima akija akitaka "ile dawa jirani alitumia", namuuliza: mnyama ana umri gani, ilianza lini, anakula, anacheua, mmebadilisha lishe? Wengine hukasirika wakaenda duka la pili. Mhubiri huyohuyo, jioni akifunga duka, alikuwa akijipaka kichwani maji ya kitunguu, kesho yake shubiri, wiki iliyofuata mafuta ya mbarika. Chupa moja niliinunua ndani ya matatu kutoka kwa mtu mwenye sauti nzuri. Haikuwa na jina wala tarehe. Mkulima angeniletea chupa kama hiyo na kuniuliza kama anaweza kumpa ndama wake, ningemfukuza.

Na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu ya choa. Ndama wengi hupata choa, manyoya yakatoka kwa mabaka ya duara usoni na shingoni. Wakulima wetu wengine huwapaka oili chafu ya gari. Baada ya miezi michache manyoya hurudi, na oili husifiwa mtaa mzima. Ukweli ni kwamba choa ya ndama mara nyingi huisha yenyewe kinga yake ikikomaa, oili iwepo au isiwepo. Hilo nilikuwa nikilieleza kwa wateja kwa kujiamini kabisa. Lakini jamaa mmoja aliponionyesha picha ya kichwa chake kabla na baada ya kitunguu, sikumuuliza hata swali moja. Sikuuliza kama alikuwa na mapunye, au yale mabaka yanayokuja ghafla na wakati mwingine kujiondokea, au upara kama wangu. Niliangalia picha, nikaenda sokoni Wakulima nikanunua vitunguu kilo mbili.

Kinyozi wangu wa Bondeni alikuwa na dawa yake: rangi nyeusi. Alichora mstari wa nywele pale ulipokuwa zamani, ukanyooka kama umepimwa kwa rula. Nilitembea Kenyatta Avenue nikijiona bwana harusi. Aprili ikaja na mvua yake ya saa tisa. Nilipofika dukani, mteja aliniangalia, akachukua kitambaa cha kufutia kaunta, akanipa bila neno. Yule mama ananunua kwangu mpaka leo, na hajawahi kulitaja jambo hilo. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Marafiki hawakuwa na huruma ya namna hiyo. Mwezi Juni mwaka huohuo, polisi wa Msumbiji walitoa onyo kwamba katika wilaya ya Milange, jimbo la Zambezia, wanaume wenye vipara walikuwa wakiuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Habari ilinifikia kwa WhatsApp mara kumi na moja kwa siku moja, kila moja na vicheko vyake. Nami nilicheka. Baadaye, usiku, niliisoma tena polepole. Wale walikuwa watu, na mimi nilikuwa nikilia kwa sababu ya kiti cha mbele.

Kulikuwa pia na nadharia ya maji. Hapa kwetu maji hulaumiwa kwa kila kitu, na yana haki ya kulaumiwa kwa mengi. Nililelewa kwa maji ya kisima cha kuchimbwa, na meno yangu yana rangi ya chai ya strungi. Ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku huupita huo mpaka. Nairobi nikicheka tu, mtu huniuliza, "Wewe ni wa Nakuru?" Kwa hiyo nilikuwa tayari na uzoefu: niliwahi kujifunza kupigwa picha mdomo umefungwa. Nywele zilipoanza kwenda, ilikuwa rahisi kusema kisima kimerudi kumalizia kazi.

Lakini floridi huharibu meno utotoni, yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Ukishamaliza kuota meno ya ukubwani, hatari ya madoa hayo imepita. Ndiyo sababu Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilipoanza kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, waliookolewa walikuwa watoto. Kwangu mchujo ulikuwa umechelewa. Na upara wangu haukutoka kisimani.

Ulikotoka nilielezwa na daktari wa ngozi, ambaye nilimwendea baada ya miaka minne ya kujipaka. Ada yake ilikuwa ndogo kuliko jumla ya chupa zangu. Nilipiga hesabu nikiwa kwenye foleni, kosa ambalo silishauri. Alinivua marvin mwenyewe. Alivuta kifungu cha nywele kuona ngapi zitatoka, akaangalia ngozi kwa kilenzi chenye taa, kisha akaanza maswali: ilianza lini, inaanzia wapi, inawasha, umeugua homa kali, umepungua uzito, nani ana upara kwenu? Nilitaka kucheka. Yalikuwa maswali yangu ya kaunta, isipokuwa hakuuliza kama nacheua.

Nikamwambia kuhusu guka, baba yake mama. Kwetu Wagikuyu mvulana wa kwanza huitwa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama. Mimi ni wa pili. Guka alivaa kofia ya sufu tangu nimjue, na nilipomwona bila kofia mara ya kwanza, kitandani hospitalini, kichwa chake kilikuwa laini kama gololi. Daktari akasema jina na kichwa huenda vilinijia kwa njia moja. Mwanamume ana kromosomu X moja, nayo humtoka mama. Juu yake kuna jeni la kipokezi cha homoni za kiume, lenye uzito mkubwa katika upara wa aina hii. Mama alipata X yake moja kwa guka. Angeweza kunipa hiyo au ile ya nyanya. Baba naye huchangia jeni nyingine nyingi, kwa hiyo tusimtwike marehemu mzigo wote.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Kimeng'enya fulani mwilini huigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi, ile iitwayo kwa herufi DHT. Vinyweleo vya mbele na utosini, kwa mtu aliyerithi, huiitikia kwa kusinyaa, na kila unywele mpya hutoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Vya kisogoni havijali. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara huu, lakini wakidungwa testosteroni, wale wa ukoo wenye upara huanza kupukutika. Niliposikia hayo nilikumbuka kwamba dawa kamili iko kwenye rafu yangu ya tatu: burdizo, lile koleo la kuhasia mafahali. Sikumwambia daktari.

Tiba zilizobaki zilikuwa tatu, na ya nne ni kutofanya lolote, ambayo aliitaja kwanza na kwa uzito uleule. Hilo lilinishangaza. Sijawahi kumwambia mkulima kwamba kutonunua nako ni tiba.

Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa waliota nywele mahali pasipotakikana, mtu mwenye akili akaifanya ya kupaka, na Marekani ikairuhusu kwa upara mwaka 1988. Hupakwa kila siku. Wiki za mwanzo inaweza kuangusha nywele zaidi, kwa sababu huharakisha zile za zamani kuondoka. Huwezi kuihukumu kabla ya miezi minne. Na ukiiacha, ulichopata nacho hukuacha ndani ya miezi michache.

Finasteraidi ni kidonge. Hadithi yake inaanzia Jamhuri ya Dominika, ambako mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza familia zenye upungufu wa kile kimeng'enya. Wanaume wao walikua bila upara na tezi dume zao zilibaki ndogo. Dawa ikaja 1992 kwa tezi dume, na 1997, kwa dozi ndogo ya miligramu moja, kwa nywele. Huwafaa wengi. Wachache hupungukiwa na hamu au nguvu za kiume, wengine hulalamikia huzuni, na hushusha kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kwa karibu nusu. Asipojua hilo, daktari wa kesho atakusoma vibaya. Mjamzito hatakiwi kushika kidonge kilichovunjika. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatafuta mtoto. Tuliongea kwa dakika tano tukaiweka kando, na sidhani kwamba mwenzangu anayeimeza amekosea.

Upandikizaji ulinivutia kuliko yote. Vinyweleo vya kisogoni vikihamishiwa mbele huendelea na tabia ya kisogoni. Hilo lilithibitishwa na Norman Orentreich wa New York miaka ya 1950, na leo watu hupanda ndege hadi Istanbul kwa ajili yake. Lakini nywele zetu hujipinda hata chini ya ngozi, na mpasuaji asiyezizoea huzikata mizizi akidhani zimenyooka. Tena kisogo changu kina vipele sugu vya mashine ya kinyozi, na ngozi yetu ina tabia ya kuotesha kovu nene. Shamba la kutolea miche lilikuwa lenyewe linaumwa. Bei nayo ilikuwa ya mtamba mwenye mimba, labda wawili, na mtamba ukimnunua hukupa maziwa.

Nikachagua minoksidili, Desemba 2021, wiki ambayo Nakuru ilitangazwa jiji. Shilingi 2,400 kwa chupa ya mwezi. Mwezi wa sita kulikuwa na vinywele, vya kweli, mke wangu ni shahidi. Nilifurahi kwa namna inayonitia haya kidogo kuisimulia. Kisha nikaanza kuishi kama mpangaji: tarehe 28 imefika, chupa imeisha, kodi iko wapi? Nikisafiri kwenda Molo kwa mazishi, nabeba chupa. Januari 2023 karo, kodi ya nyumba yenyewe na bili ya kliniki ya mama vilikuja pamoja. Niliruka mwezi mmoja, kisha wa pili. Kufikia Juni nilikuwa nimehamishwa. Nilikwenda Bondeni nikamwambia kinyozi, "Jordan," yaani anyoe zote. Hakuuliza mara mbili. Nadhani alikuwa amesubiri miaka.

Sitasema niliona mwanga. Jua la Nakuru, mita zaidi ya 1,800 juu ya bahari na karibu na ikweta, liliniunguza wiki ya kwanza nikabanduka ngozi. Kilichobadilika ni dukani. Wakulima waliokuwa wakiniambia, "Kijana, niitie mwenye duka," sasa wananiita daktari, nami si daktari. Wanasikiliza. Nikisema usinunue, hawanunui. Maneno ni yaleyale niliyosema nikiwa na nywele, na wakati mwingine heshima hii hunikera kuliko ile dharau.

Mwezi uliopita ndugu yangu mdogo, anayesoma Chuo Kikuu cha Egerton, alikuja dukani amevaa kofia. Alisubiri wateja waishe, akaivua, akainama chini ya tochi ya simu yangu. Nilimuuliza maswali yote. Nilimpeleka kwa daktari. Alipotoka anataka minoksidili, nilimweleza habari ya kodi, kwamba hii haina siku ya kumaliza kulipa. Alisema ana kibarua cha wikendi na anaweza. Sikuwa na jibu; mimi nilishindwa na Januari yangu, yake haijafika. Tulikwenda kwenye duka la dawa, nikamlipia chupa mbili za kwanza. Aliomba zifungwe kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja juu mara tatu.

Nilimsindikiza stejini. Makanga aliniona, akafungua mlango wa mbele.

"Mzee, karibu mbele. Kijana apande nyuma."

Ndugu yangu alivuta kofia chini, akapanda nyuma akitabasamu.