Nyumba Yenye Magurudumu na Mlango wa Mwenyeji

Katika masimulizi ya safari ya Kiswahili, msafiri hahesabiwi kuwa amefika mpaka awe amepokewa. Kauli hii ndiyo ninayokusudia kuitetea katika insha hii, na nitaipima kwa barabara itokayo Nairobi hadi Moyale, niliyoisafiri mwaka 2019 pamoja na wenzangu wawili. Chombo chetu kilikuwa gari lililogeuzwa nyumba: lilikuwa na vitanda, jiko la gesi, tangi la maji na mlango wenye kufuli. Huko Marekani magari ya aina hii yamezoeleka sana, na familia huzunguka nayo katika majimbo ya kaskazini, ikisimama ipendapo na kulala ndani. Kwetu bado ni machache, na aghalabu ni ya watalii.

Tuanze na matini. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa wasimulizi wake wamo Sleman bin Mwenyi Tshande, aliyesafiri bara, na Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Msomaji wa leo huweza kuchoshwa na jinsi habari za bara zinavyokwenda kambi baada ya kambi na mtawala baada ya mtawala, na ni rahisi kuuona mtindo huo kuwa udhaifu wa fani. Mimi nauona kuwa ndio uti wa mgongo wa kazi hizo. Kila kituo kina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana uwezo wa kuuzuia msafara. Akiuzuia msafara, ameizuia hadithi pia. Tulitazame neno hongo. Katika karne ya 19 lilikuwa na maana ya ushuru ambao msafara ulitoa kwa mtawala wa nchi uliyoipita. Leo maana yake ni rushwa. Neno limeshuka hadhi, na limeshuka pamoja na kumbukumbu kwamba kupita katika nchi ya watu kulihitaji ridhaa yao.

Shaaban Robert naye, katika Kusadikika (1951), anasimulia habari za wajumbe sita: wanne waliopelekwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Wote walirejea na mafunzo ya huko walikokwenda, na wote wakatiwa gerezani. Hatia yao haikuwa kusafiri. Hatia yao ilikuwa kukubali kufunzwa na wengine.

Mimi ni mkazi wa Ayany, mtaa wa Kibera, na kwa mtu wa huko kaskazini si mbali kama ramani inavyodai. Kibera yenyewe ilianzishwa na watu wa kaskazini: askari Wanubi wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la King's African Rifles. Hata jina la mahali latokana na neno lao lenye maana ya msitu. Vizazi vyao viliishi hapo bila hati ya ardhi hadi mwaka 2017, walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mji wa Isiolo, ulio mlangoni mwa kaskazini, una historia inayofanana na hiyo, kwa kuwa askari Wasomali waliolitumikia jeshi la Waingereza walipewa makao huko baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Hivyo basi, hatua ya kwanza ya safari yetu ilitutoa katika makao ya askari wageni na kutufikisha katika makao mengine ya namna hiyo hiyo.

Kuanzia Isiolo, barabara ni historia ya kufungiwa. Sheria za kikoloni za mwaka 1902 na 1934 ziliruhusu maeneo hayo yafungwe na mienendo ya wakazi idhibitiwe. Uhuru ulipopatikana ikafuata hali ya hatari, iliyodumu hadi mwaka 1991. Kwa miongo mingi lami iliishia Isiolo, na abiria walipanda juu ya malori ya mifugo, wakishika vyuma, katika mwendo wa yapata kilomita 500 hadi Moyale. Lami ilipokamilika, katika muongo wa 2010, mwendo wa siku kadhaa ukawa wa saa kadhaa. Wakazi walizoea kusema "naenda Kenya" walipoelekea Nairobi, na msemo huo una hoja ndani yake: aliyenyimwa kuwa mwananchi amejifanya mwenyeji wa nchi nyingine.

Tulivuka mto Ewaso Nyiro, tukapita Archer's Post, na jua lilipokuwa likizama tukaegesha Laisamis. Tulikuwa tukipika chakula chetu wakati mama mmoja muuza maziwa alipotukaribia. Tulimwamkia, akaitikia, akalizunguka gari akilitazama, kisha akasema kwa upole: "Wanangu, nyinyi hamwezi kupiga hodi kwa mtu. Mmekuja na mlango wenu."

Sijakutana na uhakiki mfupi kuliko huo wa habari za safari. Yafaa ieleweke kwamba mama yule hakuwa akiilaumu nyumba inayohama. Miongoni mwa Warendile na Wagabra, wafugaji wa nchi hiyo, nyumba huhama tangu zamani: wanawake huijenga, huibomoa, huipakia juu ya ngamia na kuisimamisha upya malisho yanapopatikana. Lakini nyumba ile huhamia palipo na watu. Hujengwa karibu na za jamaa, na mwenye ngamia humwazima mwenziwe jike la kukamua, deni likawa undugu wa miaka mingi. Nyumba hiyo husafiri pamoja na mahusiano yake. Ya kwetu ilisafiri ili tusiwe na haja ya mtu.

Tofauti hiyo ilidhihirika Turbi, baada ya Marsabit. Ukitazama kutoka dirishani, Turbi ni uwanda, kilima na mji mdogo. Mzee aliyetualika chai alitunyoshea kidole ilipo shule ya msingi, kisha akanyamaza. Mwezi Julai 2005 watu wengi waliuawa Turbi, wakiwamo watoto wa shule. Mzee hakusimulia, nasi hatukuuliza. Hata hivyo, kimya kile hakikuwa kitu cha kuonekana kutoka barabarani. Alitupa yeye, pamoja na chai yake.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila tusomapo kazi ya safari, tuulize swali moja kabla ya kuchambua mandhari na tamathali zake: ni nani aliyemfungulia mlango msimulizi? Kazi ambayo ndani yake hapana aliyefungua, hata ikisifu machweo ya Marsabit kwa lugha teule, itakuwa habari ya gari. Swali hili latuhusu pia sisi tunaoandika juu ya kaskazini tukiwa Nairobi. Wasimulizi wa Velten walilipa ili wapite, na waliyemlipa yumo katika maandishi yao. Nasi tunapita bure, jambo linalotuzidishia wajibu wa kumwandika yule ambaye barabara ya lami imetuwezesha kumpita.