Ulizo la Pikipiki Linaporudi Mara ya Tano

Wamama na dada zangu wa chama,

Kila mwaka sanduku la akiba likifunguliwa na kila mmoja akapata mgao wake, mimi napata kazi ya pili ambayo hakuna aliyenipa. Ni kujibu ulizo moja. Kwa sababu ninaenda masomoni kwa pikipiki yangu mwenyewe, na hapa Butembo sisi wanawake wenye kushika gidoni bado tunahesabika, wamama wananisimamisha sokoni, mbele ya kanisa, hata mlangoni mwa darasa: "Madamu, nataka kununua pikipiki ya kwanza. Ninunue gani?" Ninajibu. Juma linalofuata mama yule yule anarudi: "Madamu, ile pikipiki, ulisema gani?"

Nimesikia wenzangu wawili watatu ambao nao wanaendesha wakisema wamechoka. "Nimekwisha kumwambia mara tatu, hana masikio?" Na kule zinakouzwa pikipiki ni mbaya zaidi. Mama akirudia ulizo lake, kijana muuzaji anawakonyeza wenzake. Leo nataka kusema juu ya uchovu huo, maana naona unatutoa pesa nyingi kuliko tunavyofikiri.

Mwenye kufundisha mwaka wa kwanza anaishi na ulizo lenye kurudi. "Madamu, tuandike na Biki ya bluu ao nyekundu?" Umesema bluu. Kabla hujageukia ubao, wa pili anauliza, na wa tano, na wa kumi. Katika shule ya ualimu tulifundishwa kwamba mtoto anayerudisha ulizo mara nyingi amesikia vizuri. Anatafuta kitu ambacho jibu halikugusa. Nilidhani ni maneno ya mtihani tu. Kisha kukawa mtoto mmoja aliyeniuliza habari ya Biki mara tatu katika asubuhi moja. Nilifungua mfuko wake wa vitabu. Hakuwa na Biki ya bluu. Alikuwa na nyekundu moja tu, ya dada yake. Ulizo lake la kweli lilikuwa: mimi nisiye na ya bluu, nifanye nini?

Tangu siku ile, mtu akirudia ulizo, ninasikiliza neno lililobadilika ndani yake.

Mama mmoja anayeleta viazi na mboga kutoka upande wa Kyondo aliniuliza mara ya kwanza: "Pikipiki gani ni nzuri?" Mara ya pili: "Boxer ao TVS?" Mara ya tatu: "Hiyo TVS, si ni nzito?" Neno ni hilo, nzito. Hakuwa anauliza habari ya kampuni tena. Alikuwa anauliza kama mikono yake na miguu yake itaiweza, na hakutaka kuliuliza hivyo mbele ya watu.

Basi niliacha kusema, nikamwambia, "Mama, panda juu ya yangu, bila kuiwasha." Akapanda. Mguu wa kulia ulifika chini kwa vidole tu. Akacheka kwa haya, akataka kushuka. Nikamwonyesha jambo ambalo wauzaji hawasemi. Mkono wa kushoto unashika ambreyaji, mguu wa kushoto unaingiza vitesi, mkono wa kulia una gesi na freni ya mbele, na mguu wa kulia una freni ya nyuma. Sasa fikiria umesimama kwenye mteremko, na hapa kwetu ni mteremko tangu asubuhi hadi jioni. Mguu wa kulia unakaa juu ya freni kusudi pikipiki isirudi nyuma. Ni mguu wa kushoto peke yake unaobeba. Kwa hiyo usiulize kama miguu yote miwili inafika chini. Uliza kama ule wa kushoto unakanyaga kwa unyayo mzima ao karibu mzima, na gunia la viazi likiwa nyuma. Tulijaribu. Tukasukuma pikipiki kutoka mlangoni hadi barabarani na kuirudisha, kisha tukailaza chini pole pole na yeye akaisimamisha: mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, kama anayejitwika ndoo ya maji. Ile "nzito" ikaisha siku ile. Haikuisha kwa sababu nilimwambia pikipiki ni nyepesi. Iliisha kwa sababu aliiinua.

Maulizo yake mawili ya kwanza yanastahili jibu pia, nalitoa kwa haraka. Pikipiki ya Boxer na ile ya TVS zote mbili ni za kampuni za India, na zote zinaonekana kwenye barabara zetu. Kwa mtu anayeanza, moteri ya 100 ao ya 125 inatosha. Inapanda milima yetu, haili esansi sana, na kama mkono umekosea gesi, haikurushi kama ile kubwa. Ile Yamaha AG 100 tuliyoizoea kwa mapadri, wauguzi na watu wa miradi ina jambo moja zuri sana kwetu wanawake: shene yake imefunikwa yote, kikwembe hakiwezi kuingia pale. Lakini moteri yake inataka mafuta yake ya pekee katika tangi dogo, na pyesi zake hazipatikani kila kona. Ile DT 125 iwachie wenye miguu mirefu. Na kabla ya kumwuliza muuzaji, mwulize fundi wa kijijini kwako. Pikipiki bora ni ile ambayo yeye ana pyesi zake kwenye sanduku lake siku ya Jumapili.

Kuna ulizo lingine linalorudi, la "kasha ao okazioni". Yaani mpya inayotoka kwenye kasha, ao iliyotumika. Mama anauliza, unajibu, anauliza tena, na kila mara bei anayotaja inashuka kidogo. Hapo ujue anazungukia pesa. Pengine ile si yake peke yake. Nusu ni mkopo wa kikundi, sehemu ni ya ada ya masomo ya mwezi wa tisa, na baba watoto bado hajajua. Kwake huyo, jibu la "nunua mpya, ni nzuri kuliko" halisaidii kitu. Kaa naye chini mhesabu. Bei ya pikipiki si mwisho wa matumizi. Kuna kaske mbili, yako na ya unayembeba. Kuna plake na karti roze, asiransi, permi. Kuna mafuta ya moteri ya kubadilisha mapema wakati pikipiki bado mpya, maana vyuma vinasagana vikizoeana na kuacha unga wake ndani ya mafuta. Mama anayemaliza mgao wote siku ya kununua ataendesha bila karatasi, na kila kizuizi cha barabarani kitamla kidogo kidogo.

Na kama pesa inatosha okazioni tu, hakuna haya. Enda asubuhi, weka mkono karibu na moteri kabla muuzaji hajapiga kiki. Ikiwa imekwisha kuwa na joto, aliiwasha kabla hujafika, na pengine anaficha kwamba inakataa kuwaka ikiwa baridi. Angalia moshi. Ukiwa wa bluu na hauishi, kwa pikipiki kama Boxer ao TVS maana yake inakula mafuta ya moteri. Soma namba iliyogongwa kwenye chuma cha chini ya gidoni, uilinganishe na ile ya karatasi, herufi kwa herufi. Kama hujui kusoma, chukua mtoto wako wa mwaka wa tano. Nimepeleka wanafunzi wangu mara mbili kwa kazi hiyo, na waliifanya kwa uangalifu kuliko watu wazima.

Lakini ulizo linalonichukua muda mrefu kuliko yote ni la mama ambaye hanunui kwa ajili yake. Ananunua kwa ajili ya kijana wake aliyemaliza masomo na hana kazi, anayetaka kuwa motari. Ao ananunua ili ampe motari mwingine amletee versement ya kila siku. Mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza habari hiyo muda wote wa mhula. Gani yenye nguvu? Gani isiyoharibika? Gani wanayoipenda abiria? Kila mara nilijibu, kila mara alirudi. Mara ya tano alinikuta ninasahihisha madaftari, akasimama tu pale, kisha akasema: "Na ikianguka, Madamu?"

Mtoto wa dada yake alikuwa amelala hospitali, mguu ndani ya plasta tangu kiuno. Kumbe mwezi wote ule alikuwa ananiuliza kama ataweza kumpa kijana wake kitu cha kumlisha ambacho pia kinaweza kumuua. Ungemjibu nini? Mimi sikusema "Mungu atamlinda" nikarudi kwenye madaftari. Nilimwambia kwamba pikipiki huanguka. Tukasema juu ya mambo ambayo yako mikononi mwa mwenye kununua, maana anayetoa pesa ana haki ya kuweka masharti. Kaske inafungwa mkanda, haining'inizwi kwenye gidoni. Abiria ni mmoja, si watatu. Saa ya jioni ya kurudisha pikipiki inajulikana. Na versement isiwe kubwa mpaka kijana akimbizane na giza ili aitimize. Hili la mwisho nalisisitiza kwa wamama wanaowapa motari: ukimdai kupita kiasi, ni wewe unayemkanyagia gesi.

Alinunua. Sitawaambia kwamba hana hofu.

Sasa niwaambie kwa nini nasema uchovu wetu unatutoa pesa. Mwanamke aliyejibiwa "nimekwisha kukuambia" haachi kununua. Anaacha kuuliza. Anaenda na pesa yake kimya, anachukua ile iliyo mbele, na kwa sababu hakuthubutu kusema hajui kuwasha, shemeji yake anaiendesha mpaka nyumbani. Kesho yake shemeji anakuja "kumfundisha", kesho kutwa ana safari ndogo, na baada ya miezi mitatu funguo inalala mfukoni mwa shemeji. Nimeona nyumba mbili za namna hiyo. Jina la mama liko kwenye karti roze, deni la kikundi liko juu ya mama, na mama anapanda nyuma ya pikipiki yake mwenyewe, ao anatembea kwa mguu. Katika nyumba ya pili bado anamaliza kulipa mkopo. Nilipomwuliza kwa nini hakuja kwetu, aliniambia: "Niliogopa kuonekana mjinga, Madamu. Nilikuwa nimekwisha kuuliza."

Uvumilivu ninaousema si wa kutabasamu huku moyo unachemka. Darasani nisingeumaliza mwaka hivyo. Ni kazi yenye ufundi wake. Mtu akirudi na ulizo, usimpe jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Mrudishie ulizo lingine: utaenda wapi nayo, utabeba nini, nani ataitengeneza, na nani mwingine atataka funguo? Hili la mwisho uliza kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Mara nyingi hapo ndipo anapoketi. Na ukiwa umechoka kweli, sema, "Mama, leo nimechoka, tuonane kesho baada ya misa." Ni heshima kuliko kukohoa na kuangalia saa.

Kuna jambo tulilolianza katika kikundi chetu, na wengine wanaweza kulijaribu. Siku ya kukutana, wakati sanduku limekwisha kufungwa na wale watatu wameweka funguo zao, tunabaki saa moja. Mwenye pikipiki anaileta uani. Haiwashwi. Kila mmoja anapanda, anashika ambreyaji, anatafuta freni bila kuangalia miguu, anaisukuma. Wazee nao wanapanda, hata wasiotaka kununua, na kicheko kinakuwa kingi mpaka majirani wanachungulia. Ulizo lolote linaruhusiwa, na lililoulizwa juma lililopita linaruhusiwa zaidi. Tumeona kwamba mmoja akirudia ulizo kwa sauti, watatu wengine wanasogea karibu, maana nao walikuwa nalo.

Jumamosi hii tutakuwa pale tena baada ya saa nane. Anayetaka kuja avae suruali chini ya kikwembe, na viatu vinavyofungwa, si kandambili.