Gari la Babu na Petroli Isiyo na Risasi

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu pia lipo gari lililozeeka pamoja na wenyewe. Kwetu, katika kibanja chetu upande wa Kamachumu, wilayani Muleba, ipo Austin Cambridge ambayo marehemu babu aliinunua kwa fedha za kahawa katika miaka ya 1960, na ambayo Baba aliirithi pamoja na migomba na madeni. Imebeba maharusi, mikungu ya ndizi, na wagonjwa wa kwenda hospitali ya Ndolage usiku wa manane.

Mwaka juzi ilianza kuishiwa nguvu. Mlima wa Kamachumu, ambao zamani iliupanda kwa gea ya tatu, ikawa inaupanda kwa gea ya kwanza, ikitetemeka kama mgonjwa wa homa. Baba hakuwa na shaka juu ya mchawi. "Petroli ya siku hizi," alisema, "ni maji matupu."

Shutuma hiyo haikuwa ya upuuzi. Kwa miaka mingi walanguzi walichanganya petroli na mafuta ya taa, ambayo kodi yake ilikuwa ndogo, hata mwaka 2011 serikali ikaipandisha kodi hiyo ili kuikata biashara yao. Mafuta ya taa huifanya injini igonge na kuzitia plagi masizi. Basi tukafanya jaribio la wazee: tukadondosha tone la petroli juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila alama. Iliyochanganywa huacha doa. Karatasi yetu ilikauka ikabaki safi. Baba aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba karatasi nazo za siku hizi hazifai.

Chanzo kilipatikana Bukoba mjini, kwa fundi mzee ambaye magari ya aina hiyo aliyajua tangu ujana wake. Alifungua kifuniko cha valvu, akajaribu kupitisha kipimo chembamba cha chuma kwenye tapeti za valvu za kutolea moshi. Hakikupita. Valvu zilikuwa zimezama ndani ya silinda hedi, hazifungi tena barabara, na nguvu ya injini ilikuwa ikivujia hapo.

"Mzee," alimwambia Baba, "gari hili linadai risasi."

Hapo, msomaji, ndipo nilipotoa daftari langu. Mwaka 1921 Thomas Midgley, wa kampuni ya General Motors huko Marekani, aligundua kwamba dawa yenye madini ya risasi ikitiwa katika petroli huizuia injini isigonge. Ilikuwa na faida ya pili: ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu. Injini nyingi za zamani, kama yetu, zilichongwa viti hivyo katika chuma cha hedi yenyewe, bila pete ngumu. Utando ukikosekana, valvu iliyopata joto kali hushikana na kiti chake, na kila inaponyanyuka huondoka na chembe ya chuma.

Mkutano wa Dakar wa Juni 2001 uliamua risasi iondolewe katika petroli ya nchi zetu zilizo kusini mwa Sahara, na kufikia Januari 2006 kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Mbona basi gari la babu halikufa mwaka ule ule? Kwa sababu lilikuwa likijikokota vumbini, kanisani na sokoni, na kwa mwendo wa pole chuma huliwa kidogo kidogo. Barabara kuu ya kwenda Bukoba ilipotiwa lami, Baba naye akajifunza kukimbia. Lami tuliyoiombea dua ndiyo iliyolimaliza.

Jioni niliwasomea wazazi niliyoyaandika, pamoja na sababu ya kuondolewa kwa risasi: kwamba ni sumu, na kwamba hudumaza akili za watoto. Mama aliacha kumenya ndizi.

"Hiyo ndiyo mliyokuwa mkiinyonya kwa mpira?"

Ndiyo hiyo. Tulipokuwa wadogo, mimi na kaka yangu tulitumwa kunyonya petroli kutoka katika pipa, kisha tukasafisha kabureta kwa mikono mitupu. Tuliona fahari. Baba hakujibu neno. Alitoka nje, nami nikamwona amesimama kando ya gari bila kuligusa.

Fedha za kahawa za msimu ule Mama alikuwa amezipangia tangi la maji ya mvua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, Baba hakubishana. Tangi likanunuliwa; hedi ikangoja msimu uliofuata, ndipo ilipofungwa katika gunia, ikasafirishwa kwa meli hadi Mwanza kutiwa pete za chuma kigumu. Kama huna uwezo huo, msomaji, endesha pole, kagua tapeti mara kwa mara kabla nafasi haijakwisha, na usinunue petroli ya chupa za kando ya njia. Ziko pia dawa za kuongeza katika tangi badala ya risasi. Fundi wetu huzikubali shingo upande.

Gari linapanda tena Kamachumu kwa gea ya tatu. Jumamosi iliyopita mjukuu alichukua kitambaa amsaidie babu yake kusafisha kabureta. Baba alimrudisha ndani akanawe mikono, ingawa mtoto alikuwa hajagusa kitu.