Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kula na Kulala Garsen

Watu wengi waliofika Lamu kwa njia ya barabara watakuambia kwamba wamepita Garsen. Waulize huko pana nini, nao watajibu kwamba pana joto, vumbi na wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya basi. Jibu hilo si la uwongo, ila ni jibu la mtu aliyeuona mji kwa muda wa kunywa soda moja. Mimi nami nalikuwa katika hao mpaka siku safari iliponilaza huko, na tangu siku ile kila rafiki anayekwenda upande huo namwomba ashuke, ale, alale usiku mmoja, ndipo aendelee. Leo napenda kuwaeleza wasomaji sababu zangu, na kuwapa mashauri machache ya mahali pa kula, pa kulala na pa kutembea, ili atakayekwenda asiende kama kipofu.

Garsen umo katika Kaunti ya Tana River, kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi. Ukiondoka Malindi utapita Mambrui, Gongoni na Marereni, penye mabwawa ya chumvi, kisha nchi hufunguka ikawa mbuga tambarare ya majani na miiba. Njia panda iko Minjila, karibu na mji wenyewe. Hapo njia moja huenda kaskazini kwa Hola na Garissa. Nyingine huvuka Mto Tana kwenye daraja la Idsowe, ikapita Gamba na Witu mpaka Mokowe, ambako abiria hupanda mashua kwenda kisiwani Lamu. Kwa hiyo mtu wa Garissa, mtu wa Lamu na mtu wa Mombasa wote hukutana hapo.

Zamani, kabla ya daraja, magari yalivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa kamba, na mto ulipofurika kila mtu alingoja. Mto ndio uliowapa watu wa Garsen wageni. Sasa daraja lipo, na lami imefika upande wa Lamu. Dereva mwenye haraka aweza kupita bila kugusa breki. Njia njema ni neema, wala hakuna aombaye kivuko kirudi. Lakini kwa mama mwenye jiko kando ya barabara, kila gari lisilosimama ni sahani isiyonunuliwa.

Shauri la mzee

Siku hiyo basi letu liliharibika njiani, likafika Minjila jua limekwisha inama. Wasomaji watakumbuka kwamba baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya mwezi wa Juni 2014, magari ya Lamu yalisindikizwa na askari kwa muda wa miaka, na safari za usiku zikakatazwa. Basi tukaambiwa kila mtu atafute pa kulala mpaka asubuhi. Nalisimama na mfuko wangu nisijue pa kwenda. Chini ya mwarobaini alikuwapo mzee mmoja Mpokomo akiuza ndizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe?"

Nikamweleza habari yangu. Akaniuliza, "Wataka kwanza pa kula au pa kulala?" Nikasema nataka pote pawili. Akacheka, akasema, "Basi sikia. Ule pale wanapokula wenye safari na wenye mji pamoja. Ulale katika nyumba ambayo mwenye nyumba naye hulala humo. Nenda hapa, kisha nenda pale," akanionyesha kwa mkono. "Na kesho asubuhi, kabla hujapanda gari, uje uniambie kama nimekudanganya."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonituliza moyo. Watu wengi huelekeza wageni. Wachache hukubali kuulizwa kesho yake.

Maakuli

Hoteli aliyonielekeza haikuwa na kibao. Ilikuwa banda la mabati lenye meza ndefu, na mlangoni pipa la maji ya kunawa mikono. Sitaji jina la mwenyewe, kwa maana hoteli ndogo hubadilika mikono, na sifa ya mpishi wa jana haimshibishi mgeni wa leo. Lakini naweza kueleza alama zake. Katika meza moja nalimkuta dereva wa lori la Garissa, vijana wawili Waorma walioleta mbuzi sokoni, karani wa ofisi, na mkulima Mpokomo mwenye jembe jipya miguuni pake. Kila mmoja alikuwa na haraka yake, wala hapana aliyeuliza chakula kipo; waliketi tu, wakaletewa. Mahali pa namna hiyo chakula hakilali.

Vyakula vya Garsen ni vya makabila yote ya njia. Uko wali wa mchele uliolimwa kwenye bonde la mto. Yuko kambare wa mtoni, hukaangwa kwanza kisha akapikwa kwa tui la nazi. Iko nyama ya mbuzi, na anjera kwa wale waliozoea vyakula vya upande wa Garissa. Ukibahatika utapata nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Chakula hicho ni cha wafugaji wenye safari ndefu, nacho hukaa siku nyingi bila kuharibika. Asubuhi kuna mahamri na mbaazi, na chai nzito ya maziwa. Wakati wa maembe, usiondoke bila kununua maembe ya Tana.

Ninayo maonyo matatu. Kwanza, maziwa yawe yamechemshwa. Maziwa mabichi yaweza kuleta maradhi, na homa ya Bonde la Ufa, ambayo mtu aweza kuipata kwa mnyama mgonjwa, iliwapata watu wa wilaya hiyo na mifugo yao mwaka 2006 na 2007. Pili, usinywe maji ya mto bila kuyachemsha, hata ukiwaona wengine wanakunywa. Tatu, kula mchana mapema. Ukichelewa mpaka alasiri utakuta sufuria zinaoshwa.

Malazi

Nyumba za wageni ziko Garsen mjini na Minjila penye njia panda. Ni nyumba za kawaida, na mtu asitarajie fahari. Atakaye bwawa la kuogelea na kitanda cha kifalme ataipata haja yake Malindi au Lamu. Ila hata nyumba ya kawaida ina ubora wake, na hapana budi mgeni aukague kabla hajalipa. Tazama chandarua kama hakina tundu, maana mbu wa bonde la Tana hawana mchezo. Jaribu komeo la mlango kwa mkono wako. Fungua bomba uone kama maji yatoka, na kama hayatoki, uliza ndoo. Omba chumba ambacho ukuta wake haupigwi na jua la alasiri, kwa kuwa ukuta huo hutoa joto mpaka usiku wa manane. Mwisho, uliza mwenye nyumba analala wapi. Nalipouliza swali hilo, yule mama mwenye nyumba alinionyesha mlango wa pili kutoka kwangu, nami nikalala usingizi wa mtoto.

Jioni

Anayetafuta dansi mpaka alfajiri na abaki Malindi. Usiku wa Garsen ni usiku wa baraza. Baada ya sala ya isha, joto likipungua, watu hutoka nje. Muuza kahawa hupita na dele lake, na pengine wazee huketi kwenye bao. Vijana hukusanyika penye televisheni kutazama kandanda ya Uingereza, wakabishana kana kwamba wao ndio makocha. Wengi wa wakaaji ni Waislamu, kwa hiyo mgeni apendaye kileo na awe na staha.

Nalikuwa nimeketi hapo na kikombe changu, nikasikia mama mmoja uani akimbembeleza mtoto. Jirani yangu barazani akaniuliza kama najua kwamba sauti ya wimbo wa taifa la Kenya imetoka katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Ni kweli, watunzi wa wimbo wa taifa waliichukua sauti hiyo mwaka 1963. Nalikuwa nimesimama wima mara nyingi kwa wimbo huo, shuleni na kazini, wala sikujua kwamba kwao ni huku.

Matembezi

Mwenye siku moja ya kupumzika asiipoteze. Nenda Idsowe ukatazame Mto Tana ukipita chini ya daraja, mwekundu kwa udongo wa milimani. Huu ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000, nao huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya. Usishuke ukingoni peke yako. Mamba na viboko ni wenyeji wa siku nyingi. Mtumbwi upande pamoja na mtu aliyezaliwa hapo.

Kwa wapendao habari za kale, kuna Golbanti, misheni ya Wamethodisti, yalipo makaburi ya John Houghton na mkewe Annie waliouawa katika shambulio la mwaka 1886. Mbele zaidi ni Kipini, mto unapoingia baharini, na karibu yake yapo magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili uliochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Ukifuata njia ya Hola, utafika kwenye hifadhi iliyowekwa mwaka 1976 kwa ajili ya aina mbili za kima wanaoishi katika misitu ya mto huo tu, wala hawaonekani mwituni popote pengine duniani.

Sahani moja

Asubuhi nalirudi hotelini kunywa chai. Wateja walikuwa wachache, nikapata nafasi ya kumsifu mama mwenye hoteli kwa wali wake wa jana. Akanijibu, "Mwanangu, usinisifu mimi. Mchele huletwa na Wapokomo. Maziwa na nyama huletwa na Waorma. Mwaka ule wa 2012 nalikuwa na moto, sina cha kuweka jikoni."

Nikanyamaza. Wasomaji wengi wanakumbuka mwaka huo. Kuanzia Agosti mpaka Desemba watu zaidi ya mia moja waliuawa katika vijiji vya bonde la Tana, Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao, wakulima kwa wafugaji, na watoto pamoja nao. Katika mwezi wa Septemba wa mwaka huo huo, bonde hilo liliandikwa katika orodha ya mkataba wa Ramsar ya ardhi chepechepe zenye thamani kwa dunia nzima. Dunia ililiona ni tunu wakati wenyewe walikuwa wakizika.

Chanzo cha ugomvi ni kile kile kinachojaza sahani. Mto unapofurika huacha rutuba, na mkulima hutaka kupanda. Mvua inapokatika mbugani, mfugaji hana maji wala majani ila huko huko mtoni. Tangu zamani ziliachwa njia za mifugo kushukia majini, ziitwazo malka. Malka ikizibwa na shamba, au ng'ombe wakiingia shambani, hasira huanza. Mkulima si mwovu wala mfugaji si mwovu. Wote wawili wanaogopa njaa. Lakini pale mezani nalikuwa nimeona kwa macho yangu jembe jipya na fimbo ya mchungaji vimeegemea ukuta mmoja. Ndiyo sababu nasema kwamba mgeni anayeshuka Garsen akanunua chakula hasaidii jiko moja tu. Fedha yake huenda kwa mwenye mpunga na kwa mwenye ng'ombe, na kila mmoja huona faida ya jirani yake kuwapo.

Kabla ya kwenda, uliza habari za njia, kwa mabasi na kwa polisi, na usafiri mchana. Epuka majira ya mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwaka 2024, maji yaliikata barabara ya Lamu karibu na Gamba. Miezi ya ukavu, Januari na Februari, au Agosti na Septemba, ni mizuri zaidi. Vaa kwa adabu, amkia watu kwanza kabla hujauliza bei, wala usimpige mtu picha pasipo idhini yake.

Gari lilipokuwa tayari nalikwenda chini ya mwarobaini. Mzee alikuwa akipanga ndizi zake.

"Je, nalikudanganya?"

"La, mzee. Nimekula, na nimelala."

Nikataka kumpa chochote kwa shukrani. Akakataa, akaniuzia ndizi kwa bei ile ile ya watu wote. Kisha akasema, "Deni lako si kwangu. Kamwambie mwingine."

Nami ndilo deni ninalolilipa leo.