Gari la silinda nane na oili ya mjomba

Najua mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu programu, seva na lugha za kompyuta. Leo naomba tutoke kidogo kwenye dawati twende gereji. Msiwe na wasiwasi, kompyuta tutaikuta huko huko.

Mimi ni mtoto wa Umoja. Kwetu Eastlands gari hupimwa kwa masikio kwanza, macho baadaye. Matatu ya Jogoo Road unaisikia muziki wake kabla hujaona rangi zake. Sasa simamisha gari la Kimarekani lenye silinda nane nje ya ploti. Hazitaisha dakika tano, vijana wa mtaa watakuwa wamelizunguka, na swali la kwanza ni lile lile: "Hii inapiga ngapi?"

Gari wanaloliota vijana hao ni Dodge Charger. Wanalijua kutoka kwenye filamu na michezo ya kompyuta. Na kusema kweli, hesabu zake zinatisha. Charger SRT Hellcat, iliyotoka kama modeli ya 2015, ni gari la milango minne la kubebea familia, lakini injini yake ya lita 6.2 yenye supachaja ilitoa nguvu za farasi 707, na kampuni ilitangaza kwamba linafika kilomita 328 kwa saa. Baadaye ikaja Redeye yenye 797. Na hili gari tunaloliita la Kimarekani liliundwa Brampton, nchini Kanada, hadi Desemba 2023 utengenezaji wa kizazi hicho uliposimamishwa.

Lakini Umoja hutaliona kirahisi. Charger hilo lilitengenezwa kwa usukani wa kushoto tu, na Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto isipokuwa yale ya kazi maalumu. Tunachokipata sisi ni ndugu yake wa tumbo moja, Chrysler 300C. Chini ya bodi hayo mawili yalikuwa na msingi mmoja. Gia na sehemu za miguu ya nyuma zilitokana na kazi ya Mercedes-Benz, kwa sababu siku hizo kampuni hizo mbili zilikuwa nyumba moja. 300C ilitengenezwa pia kwa usukani wa kulia, na nyingi za kuuzwa nje ya Marekani ziliundwa Graz, Austria. Ina urefu wa mita tano hivi. Ile ya lita 5.7 ina nguvu za farasi 340. Sura yake ya kibabe inafaa sana harusi, na harusi ndiyo iliyoileta hadithi yangu.

Mwaka jana, siku ya Jumatano, 300C moja ya lita 5.7 iliingia gereji ya mjomba wangu. Mwenyewe huikodisha, na Jumamosi ilitakiwa kumbeba bibi harusi. Taa ya injini ilikuwa inawaka, na ukienda mwendo wa pole gari lilishtuka-shtuka kama mtu mwenye kigugumizi.

Mjomba ndiye aliyenilipia karo tangu kidato cha kwanza, kwa mikono iliyojaa grisi. Ufundi aliuanzia kwenye Peugeot 504. Hana kompyuta. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Siku hiyo alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia, "Kijana, hii injini inapumua nusu. Lete hicho kidude chako."

Kidude chenyewe ni kile cha bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu lililo chini ya dashibodi. Magari yote mapya yaliyouzwa Marekani tangu 1996 yanalo tundu la namna hiyo, na kupitia hapo kompyuta ya gari hukutajia kosa kwa namba. Nilifungua simu nikaisoma: P1521. Nikatafuta maana yake kwa magari ya Chrysler. Aina ya oili ya injini si sahihi.

Sasa wasomaji wangu, hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Nilijua ni nani aliyebadilisha oili ya gari lile wiki mbili kabla. Ni mjomba. Aliweka 20W-50, ile ile aliyoiweka kwenye Peugeot miaka nenda miaka rudi. Nilijiambia haiwezekani kompyuta ionje oili. Lazima ni sensa mbovu. Usiku kucha nikakaa naandika programu ndogo ya kurekodi data za injini, nikachora grafu nzuri kabisa. Asubuhi nikamwambia mwenye gari kwamba pengine abadilishe vali nne za umeme zilizo ndani ya injini. Akauliza bei. Nilipomtajia, uso ukamshuka.

Mjomba alikuwa pembeni anafuta mikono. Akasema, "Hebu nisomee tena. Hiyo mashine imesema nini?"

"Imesema oili si yake, mjomba."

"Na wewe usiku kucha ulikuwa unatafuta nini?"

Nikanyamaza. Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa natafuta kosa lolote lile ambalo si la mjomba. Kwa ajili ya heshima yangu kwake, nilikuwa tayari mtu mwingine atoe pesa kwa spea asizozihitaji. Ningependa kusema nilikosea hesabu tu. Hapana, niliogopa kusoma kilichoandikwa.

Akamgeukia mwenye gari. "Mzee, oili hiyo niliiweka mimi. Kosa ni langu." Kisha akaniambia nimweleze yeye, siyo mteja, gari linajuaje.

Nikamweleza, nanyi niwaeleze. Injini hiyo ya lita 5.7 ina mfumo ambao Chrysler waliuita MDS. Ukiwa unateleza barabarani bila kukanyaga sana, huhitaji silinda nane. Kwa hiyo kompyuta inazilaza nne: ya 1, ya 4, ya 6 na ya 7. Inafungua vali ndogo za umeme, oili inasukumwa kwa presha hadi kwenye tapeti, presha hiyo inabonyeza pini ndogo, na tapeti inaacha kusukuma vali za injini. Silinda hizo nne zinabaki zimefungwa, hazinywi petroli. Ukikanyaga, zote zinaamka. Kampuni ilisema badiliko hilo huchukua sehemu 40 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Kufumba na kufumbua ni kurefu kuliko hapo.

Sasa fikiria kazi hiyo inafanywa na oili. Humo ndani oili si ya kulainisha tu, ni mkono wa kompyuta. Gari lile linataka 5W-20. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inahusu oili ikiwa baridi. Ya pili inahusu uzito wake injini ikiwa imepata moto. 50 ni nzito kuliko 20 kwa mbali. Oili nzito inachelewa kufika kwenye tapeti, silinda zinachelewa kulala na kuamka, na dereva anasikia kigugumizi. Kompyuta haionji oili. Inaangalia presha na joto lake, inalinganisha na vile inavyotarajia, inapiga hesabu: hii si oili niliyoagiza.

Mjomba alisikiliza kama anavyosikiliza injini, macho yamefumbwa. Alipofumbua akasema, "Kwa hiyo oili ni waya." Jamani, nimesoma maelezo mengi ya mfumo huo, hakuna lililonishinda kama hilo. Oili ni waya.

Tulizunguka maduka ya Kirinyaga Road mpaka tukaipata. Injini hiyo inachukua karibu lita 6.6, na mjomba alilipa kutoka mfukoni mwake pamoja na filta. Mwenye gari alitaka kuchangia, akakataliwa. Ijumaa alfajiri tukafuta kosa, tukatoka Kangundo Road hadi Eastern Bypass kabla magari hayajajaa. Kwa mwendo wa wastani, mguu ukiwa mwepesi, mjomba aliinua kidole. "Sasa hivi nne zimelala." Nikakanyaga. "Zimeamka." Simu yangu haikuwa na namba ya kuonyesha hilo. Masikio yake yalitosha. Taa haikuwaka tena, na Jumamosi bibi harusi alifika kanisani.

Nawaza sana kuhusu vijana wa mtaa na swali lao la "inapiga ngapi". Tangu siku hiyo huwajibu kwamba inategemea programu inakuruhusu ngapi. Hellcat ile ya farasi 707 ilikuja na funguo za rangi mbili. Ukiwa na mwekundu unapata nguvu zote. Mweusi unaishia kama 500 tu. Injini ni ile ile, petroli ni ile ile. Mwaka 2021, kwa sababu magari hayo yalikuwa yanaibwa sana Marekani, Dodge walitoa nyongeza ya programu: usipoingiza namba ya siri yenye tarakimu nne, injini inabanwa isizidi mizunguko 675 kwa dakika, na nguvu yake ni farasi 2.8. Ndiyo, mbili nukta nane. Boda boda yoyote ya hapa kwetu inaiacha kwenye vumbi.

Kwa hiyo sisi tunaoandika programu tusijidharau. Tuko ndani ya injini tayari. Ila tusijivune pia. Mashine ilisema ukweli kwa neno moja, na mimi mwenye elimu yote hii ndiye niliyekataa kulisikia. Aliyelisikia ni fundi asiye na kompyuta, ingawa ndiye aliyekuwa anashtakiwa.

Siku hizi mjomba ana daftari. Kabla ya kubadilisha oili ya gari lolote, ananipigia simu: "Kijana, hili linataka waya gani?" Nami kazini, programu ikileta ujumbe wa kosa, nausoma mara mbili kabla ya kumtafuta mtu mwingine wa kulaumiwa. Tukutane tena hivi karibuni, ndugu zangu.